Jibu: Vijana wameshuka kwenye jaribio la dakika 12

Kocha, umeuliza kwa nini vijana wako walipata mita chache kwenye jaribio la Cooper (kukimbia dakika 12 na kupima umbali uliofikiwa) mlipolirudia Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, wakati Kampala walifanya vizuri. Kabla hujawalaumu, angalia mwinuko. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Kapchorwa inakaribia 1,900. Hewa kule ni nyepesi, na mgeni aliyefika jana pumzi inamwishia njiani. Matokeo ya Kampala na ya Kapchorwa usiyalinganishe kabisa.

Halafu umesema mlianza na Cooper, ndipo mkapima mbio za mita 30 na kuruka. Hapo mlijiharibia wenyewe! Miguu ikishachoka, kasi utaipima wapi? Anza na kuruka, zifuate mbio fupi, Cooper iwe ya mwisho, au bora siku nyingine.

Na uwanja upimwe kwa tepu. Mimi niliwahi kuamini kwa macho kwamba mzunguko wa uwanja wetu wa nyasi ni mita 400. Tepu ikasema 372. Sasa naweka koni kila mita 50, filimbi ikilia kila mtu anasimama alipo. Mvua ikinyesha, tunaahirisha.