Men in Black ya 1997: ilipoweza na ilipoteleza

Mkuu, umeuliza kama Men in Black ile ya kwanza, ya mwaka 1997, ni nzuri kweli au tunaisifia kwa sababu tuliiona tukiwa wadogo. Umesema vijana wako wameitazama juzi wakadai ni ya kitoto. Ni ile ya maofisa wa siri wenye suti nyeusi wanaosimamia viumbe wa sayari nyingine wanaoishi Duniani kwa kificho. Kwangu mimi ni nzuri kweli. Udhaifu wake upo, mwingi uko sehemu ya mwisho, na mmoja unamhusu mhusika wa kike ambao mpaka leo unaniudhi.

Mimi huandika vichekesho vifupi kwa kikundi cha maigizo hapa Morogoro, na kazi inayonichosha kuliko zote ni kuwazuia waigizaji wasicheke kabla ya watazamaji. Mwigizaji akishajua kuwa sentensi yake inachekesha, atakodoa macho, atabinua mdomo, na kichekesho kitafia hapohapo. Tommy Lee Jones hafanyi hivyo hata mara moja. K, ofisa mzoefu anayemwigiza, anaongea na viumbe wa sayari nyingine kwa uchovu wa ofisa uhamiaji aliyekaa dirishani tangu asubuhi. Hashangai wala hajibaraguzi. Kwa sababu yeye ametulia, Will Smith, anayeigiza ofisa mpya J, anapata nafasi ya kushangaa kwa niaba yetu. Ukiwaweka wote wawili wawe wachekeshaji, filamu nzima inaanguka.

Tazameni tena lile tukio la mama wa sayari nyingine anayejifungulia ndani ya gari kando ya barabara. K anamwachia J kazi ya kumzalisha, mwenyewe anasogea pembeni kuzungumza na mume. Mbele yetu kuna wanaume wawili wanaongea polepole. Nyuma yao mnyiri mrefu umemnasa J na unamrusha huku na kule. Barry Sonnenfeld, mwongozaji, alianza kama mpiga picha wa filamu, na hapa inaonekana: hakukimbilia kumsogelea J kwa kamera. Ameacha vurugu iwe nyuma na utulivu uwe mbele. Mara ya kwanza niliiona kwenye banda la video, wengi wetu Kiingereza hatukijui, na pale hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Watu walipiga makofi.

Halafu kuna Vincent D'Onofrio. Yeye ni mkulima Edgar, au tuseme mende mkubwa aliyejivika ngozi ya Edgar. Alijifunga vishikizo vya magoti ili miguu isikunjike vizuri, ndiyo maana anatembea kama mwili si wake. Mkewe anapomwambia kuwa ngozi yake inaning'inia, anaivuta nyuma ya kichwa kisha anauliza kama sasa ni afadhali. Ni kichekesho na ni kitisho kwa wakati mmoja, jambo gumu sana kulipata. Rick Baker na David LeRoy Anderson walipata Oscar ya urembaji kwa filamu hii, na walistahili.

Sasa udhaifu. Mwishoni, kule Queens penye minara ya maonyesho ya dunia ya 1964, Edgar anachana ngozi yake na kuwa mdudu mzima. Timu ya Baker ilikuwa imetengeneza mdudu halisi wa mitambo, lakini akawekwa kando, akachukuliwa wa kompyuta. Nadhani hapa ndipo vijana wako walipocheka vibaya. Tatizo langu si umri wa picha. Tatizo ni kwamba D'Onofrio ameondoka, na adui tuliyemwogopa muda wote amegeuka mnyama wa kupigwa tu. J kukanyagakanyaga mende ili kumchokoza ni wazo zuri, ila mengine pale ungeyakuta kwenye filamu yoyote ya mapigano.

Hadithi nayo ni nyembamba. Awali kulikuwa na mataifa mawili ya angani yanayogombana. Wakati wa kuhariri ikaonekana ni mzigo, wakarahisisha kwa kubadilisha maandishi ya tafsiri na maneno ya Frank, kiumbe wa angani mwenye umbo la mbwa. Wamefanya kazi safi, lakini ukitazama kwa makini utaona tishio la kuiangamiza Dunia linaingia ghafla mno.

Na kuna Laurel. Linda Fiorentino ni daktari wa kuchunguza maiti, mwerevu, ana ucheshi mkavu unaolingana na wa K kabisa. Filamu inamfanyia nini? Inamfuta kumbukumbu tena na tena, kisha inamfanya mateka. Risasi ya mwisho ni yake, sawa, na mwishoni anavaa suti nyeusi. Lakini sehemu ya pili ya 2002 inamwondoa kwa maneno machache tu. Walikuwa na mtu wa tatu aliyefaa kabisa, wakampoteza.

Kile kifaa chenyewe, ambacho maofisa hutumia kuwafuta watu kumbukumbu za viumbe hao, ningependa kingechimbwa zaidi. J analalamika kidogo, anamtungia mke wa Edgar kumbukumbu bora kuliko aliyopewa na K, kisha tunasonga. Pale tu K anapotazama kwa setilaiti mwanamke aliyemwacha zamani, filamu inagusa gharama yake. Hiyo sekunde chache, pamoja na K kumwomba J amfute kumbukumbu yeye mwenyewe, ndiyo inayofanya niirudie. Bila hayo ingekuwa vituko vizuri visivyo na mtu ndani.

Kwa hiyo vijana wako wasiishie hapo. Ya pili waruke. Ya 2019, ambayo Smith na Jones hawamo, nayo si lazima. Waonyeshe ya tatu, ya 2012, ambamo Josh Brolin anaigiza K wa mwaka 1969 na ameikamata sauti na utulivu wa Jones kiasi kwamba unasahau ni mtu mwingine. Ila watazame hii ya kwanza kabla yake, maana siri inayofichuliwa mwishoni mwa ile inahusu J na K, na haina uzito kwa mtu ambaye hajawaona hawa wawili wakikutana.