Kabla hujaandika ya nne, irudie mojawapo

Ndugu yangu, umeeleza kwamba hadithi zako tatu zimerudishwa na wahariri bila neno la maelezo, na sasa unajiuliza kama uache kuandika. Nakujibu kwa yaliyonifika mimi hapa Lamu.

Kwa miaka miwili nilikuwa nikianza hadithi na kuziacha katikati, kwani kila moja ilipokuwa ngumu, wazo jipya lilionekana tamu zaidi. Ya kwanza kuimaliza ilimhusu mwanamke ambaye kaskazi, upepo urudishao majahazi kutoka kaskazini, imeingia bila kumrudisha mumewe baharia. Ilikataliwa, nikaitia sandukuni.

Aliyenifanya niitoe ni ami yangu, mshonaji wa kofia za vito, zile zinazotariziwa kwa mkono, ambaye alasiri hukaa dakani, barazani mwa mlango wa nyumba, na kitambaa chake mapajani. Nilimwomba anisikilize. Nilisoma kurasa tatu nzima na sindano yake ikaendelea kuingia na kutoka, mpaka nilipofika pale ambapo yule mama anapanga sahani mbili, kisha anairudisha moja kabatini. Hapo sindano ikasimama. Nilipomaliza aliniuliza: "Mwanangu, huyu ni mama wa wapi? Mbona asema 'njoo' na 'njia'? Mamako husema 'ndoo' na 'ndia'."

Usiku ule nilizifuta zile kurasa tatu, zilizoeleza bahari na majumba ya mawe kana kwamba nawaandikia watalii, nikaanza na sahani. Maneno ya yule mama niliyaweka katika Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, na masimulizi nikayaacha katika Kiswahili sanifu. Niliiandika upya mara tano.

Kwa hivyo chukua mojawapo ya hadithi zako tatu, uisome kwa sauti mbele ya mtu ambaye mikono yake ina kazi. Usimuulize kama ni nzuri, maana atakusifu kwa mapenzi. Mtazame ni wapi anapoisahau kazi yake, kwani hapo ndipo hadithi yako ilipo, na mara nyingi yaliyotangulia hayahitajiki. Kuhusu muda, mimi huandika baada ya sala ya alfajiri hadi saa ya kufungua duka, na zipo siku ambazo sipati hata sentensi mbili za kufaa, lakini hukaa hapo hapo.

Hadithi ile niliituma kwa mhariri mwingine. Aliirudisha, safari hii ikiwa na mistari miwili kuhusu mwisho wake, ambao aliuona wa haraka mno. Amesema kweli, na tangu Jumatatu ndio ninaouandika.