Anti, mbona nimeacha ugali na sipungui?

SWALI: Anti, shikamoo. Mimi ni msusi hapa Sinza, miaka 34, kilo 84, urefu sentimita 158. Asubuhi nakunywa chai ya sukari na chapati mbili, mchana wali maharage kwa mama ntilie, na wateja hawakosi kuninunulia soda, mbili au zaidi kwa siku. Tukifunga saa tatu usiku napitia chipsi mayai, nakula, nalala. Mama anasema nimenawiri, ila ngazi zinanitoa pumzi. Nimeacha ugali tangu Ramadhani, wapi! Sasa mteja kaniletea vidonge vya kukata tumbo. Nivinywe?
Msusi, Sinza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ugali umeusingizia. Katika yote uliyoniandikia, mlo wenye nafuu ni huo wali maharage. Mwambie mama ntilie apunguze wali, azidishe mchicha, yaishe.

Soda ndiyo inayonitisha, maana naona huihesabu kama chakula. Kola ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, yaani vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Chupa mbili tu umeshavuka, na chai sijaigusa. Wateja wakuletee maji.

Chipsi mayai: kiazi kimekunywa mafuta karaini, kisha kinarudi kikaangoni na mafuta mengine. Jumamosi kula, sikunyimi raha. Siku nyingine msimamishe yule kijana wa mayai ya kuchemsha, kula mawili na kachumbari kabla hamjafunga, si ukikaribia kitanda.

Kwa urefu wako, kilo 84 ni unene uliopitiliza, hata mama akisema umenawiri. Hauko peke yako: kwenye utafiti wa kitaifa wa 2010, wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 22, wa 2015/16 ukakuta 28, na sisi wa mjini ndio tunaoongoza. Usikimbilie kilo 60. Anza na nne. Hizo tu zinaweza kushusha presha.

Vidonge mrudishie mteja, hata kama ni vya bure. Halafu nenda kituo cha afya wakupime presha na sukari, kabla msimu wa harusi haujakujazia saluni.