Biriani bila mtindi, chai bila maziwa

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Ni chakula gani cha nyumbani mnachokipenda ambacho mmeweza kukipika bila maziwa, na ladha yake ikabaki?" Kwetu ni biriani. Chai nayo imewezekana, ila ilitutoa jasho, nitaifikia.

Hapa nyumbani, Tanga, maziwa hayajapigwa marufuku. Mume wangu kwao ni Simanjiro, wafugaji, na maziwa anayanywa kama maji. Mama yangu, tunayeishi naye, ni mtu wa Pangani. Akinywa nusu kikombe tu, tumbo linamjaa gesi mpaka usiku. Sukari iliyomo kwenye maziwa, laktosi, huvunjwa na kimeng'enya kiitwacho laktezi, na kwa watu wazima wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua utoto ukishapita. Utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba miongoni mwa wafugaji wa Tanzania na Kenya yako mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani, tena si yale waliyo nayo Wazungu. Basi mama na mkwewe wanakula sinia moja, na hakuna anayemwona mwenzake anadeka.

Watu wakiambiwa waache maziwa, wengi hukimbilia nazi kwa kila kitu. Mimi huuliza kwanza: maziwa yalikuwa na kazi gani kwenye sufuria hii? Kwenye biriani mtindi unaleta uchachu na kulainisha nyama. Ukitia tui badala yake utapata mchuzi wa nazi, mtamu sana, lakini biriani hiyo hapana. Nyama ya ng'ombe naipaka papai bichi lililosagwa na maganda yake, thomu, tangawizi na ndimu, naiacha kama saa moja. Isilale hivyo usiku kucha, itapondeka yote. Kisha nyanya nyingi, nyanya ya kopo kidogo, na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vikavu na rangi ya kahawia. Hivyo navivunjavunja kwa mkono ndani ya masala. Ndivyo vinavyoleta ule uzito wa rojo. Na samli ya kumwagia wali? Mafuta yaliyokaangia vitunguu usiyamwage. Nyunyizia juu ya wali pamoja na zafarani, funika, palia makaa. Mume wangu, mla samli wa tangu utotoni, hajawahi kuiulizia siku ya biriani.

Sasa chai. Ukiweka tui, mafuta yanaelea juu na harufu ya nazi inaishinda iliki. Wako wanaoipenda hivyo. Mama aliionja, akakisogeza kikombe pembeni. Kilichomridhisha ni korosho zisizokaangwa, zikalowekwa usiku, zikasagwa kwa maji safi na kuchujwa kwa kitambaa. Nunua vile vipande vilivyovunjika, bei yake ni nafuu na maziwa ni yale yale. Ila korosho ina wanga: ukiyachemsha maziwa yake pamoja na majani, umepika uji. Chemsha maji, majani, tangawizi na iliki mpaka chai ikolee rangi, punguza moto, ndipo uyatie, na uipue mara tu mvuke unapoanza kupanda. Ikikaa kwenye chupa itazidi kuwa nzito, kwa hiyo pika ya kunywa wakati ule ule.

Vingine wala havihitaji ujanja. Mahamri, mkate wa kumimina, mbaazi za nazi, tambi za nazi: Pwani tumevila miaka yote bila tone la maziwa. Nikimwona mtu ananunua pakiti ya maziwa ya lozi kutoka nje, bei yake nusu ya kuku, na mbuzi ya kukunia nazi imeegemea ukuta jikoni kwake, huwa nacheka kimoyomoyo. Angalia tu tui zito lisikatike: moto mdogo, koroga bila kuacha, na ndimu iwe ya mwisho kabisa.

Kwa wenye mzio hasa wa maziwa, habari ni nyingine. Mzio unatokana na protini, si sukari, na samli inaweza kubaki na chembe za protini hizo, kwa hiyo wasiiguse. Wasome pia maandishi ya pakiti za majarini na biskuti, maana nyingi hutiwa unga wa maziwa. Kuhusu madini ya kalisi, dagaa wanaoliwa na mifupa yao wanasaidia, na hao mama yangu hawakatai.

Kilichobaki ni labania. Ile ni unga wa maziwa karibu yote, ukiutoa hakuna kinachosalia zaidi ya sukari na iliki. Kama yuko msomaji wa Unguja au Mombasa anayeipika kwa korosho ikashika na kukatika vizuri, namwomba atuandikie wiki ijayo, na asisahau vipimo.