Mama amepona, daktari anasema si ushahidi

SWALI: Shikamoo Mama. Mama yangu ameteswa na mgongo miaka miwili. Mwezi uliopita alizidiwa kabisa, nikahamia kwake nimsaidie kazi. Siku hizo hizo jirani akamletea unga wa mizizi, akawa anakoroga na kunywa asubuhi na jioni. Wiki ya tatu nilimkuta ameinama, anafunga kamba za viatu mwenyewe! Nilipomweleza daktari wake alinijibu, "Huo si ushahidi." Nimeumia. Nimeona kwa macho yangu. Au ushahidi ni ule tu unaotoka kwa wenye makoti meupe?
Mtoto wa pekee

JIBU: Marahaba, mwanangu. Daktari angeweza kukujibu kwa upole zaidi. Kwamba mama alikuwa hainami na sasa anainama, sikubishii, umeona. Ninachokubishia ni ile hatua ya pili, ya kutoka "amekunywa kisha akapona" kwenda "amepona kwa sababu amekunywa." Hiyo hukuiona. Hiyo umeitafsiri.

Nimekuwa muuguzi miaka 31. Nilipoanza, chumba cha kusafishia vidonda, nilikuwa na daftari lenye jalada jekundu. Kulikuwa na dawa ya kupaka niliyoiamini mno, na kila aliyerudi kidonda kimefunga nilimwekea alama ya vema. Nilipofikisha vema 23 nikampelekea muuguzi mkuu. Yule mama hakunisifu wala hakunikemea. Alivuta rejista kubwa, akashuka na kidole mstari kwa mstari akihesabu wote waliopewa dawa ile, kisha akauliza, "Hawa wengine wako wapi?" Sikuwa na jibu. Nilipowatafuta, niliokutana nao kadhaa walikuwa wamekwenda kutibiwa kwingine kwa sababu vidonda vilizidi. Daftari langu halikuwa na uongo hata mstari mmoja. Liliandika waliorudi kushukuru, basi.

Na mgongo una tabia yake: maumivu hupanda na kushuka. Mtu hutafuta dawa mpya siku amezidiwa, na baada ya kuzidiwa mara nyingi hufuata nafuu, unywe usinywe. Chochote kilichonywewa siku ile kitabeba sifa. Ndiyo maana tunataka wagonjwa wanaofanana, wengine wapewe na wengine wasipewe.

James Lind, daktari wa meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Salisbury, alifanya hivyo mwaka 1747. Alichukua mabaharia 12 wenye kiseyeye (ugonjwa wa fizi kuvuja damu na mwili kudhoofika), akawalaza mahali pamoja, akawapa chakula kimoja, akawagawa wawili wawili. Wengine walipewa siki, wengine maji ya bahari, na wawili wakapata machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yaliisha siku ya sita. Kufikia hapo mmoja alikuwa karibu kurudi kazini, na mwenzake baadaye akapewa kazi ya kuwauguza waliobaki. Mimi kama muuguzi hapo husimama kila mara: mgonjwa wa juzi leo ndiye anashika kikombe cha mwenzake.

Lakini Lind mwenyewe, akiwa na ushahidi huo mkononi, hakuusoma vizuri. Aliendelea kuamini kuwa kiseyeye kina sababu nyingi, unyevunyevu wa hewa ukiwemo. Ili maji ya matunda yadumu safarini, akashauri yapashwe moto kwa saa nyingi hadi yawe mazito. Moto ule uliharibu kile tunachokiita leo vitamini C, yaani dawa yenyewe. Jeshi la majini la Uingereza lilikuja kuagiza maji ya limau kwa mabaharia wake mwaka 1795, miaka 48 baada ya jaribio lile. Koti jeupe halimkingi mtu na kosa la kutafsiri, mwanangu. Katika hilo nakuunga mkono.

Sasa rudi kwenye barua yako. Umeandika kwa kupita tu, kama jambo dogo, kwamba ulihamia kwake umsaidie kazi. Nani anainua ndoo sasa? Nani anainama kufagia? Huenda mizizi imesaidia. Huenda ni mikono yako. Yote mawili yalianza pamoja, kwa hiyo macho yako hayawezi kuyatenganisha, hata yawe makali vipi.

Kwanza mpelekee daktari unga wenyewe, umuulize kama unapatana na dawa nyingine anazotumia mama. Akiridhia, chukueni daftari. Kila jioni mama ataje maumivu yake kwa namba, 0 hadi 10, wewe uandike bila kumshawishi: wiki mbili na unga, wiki mbili bila unga, kazi za nyumbani zikibaki mikononi mwako muda wote. Usiruke siku mbaya. Na ikitokea umesafiri akashinda peke yake na ndoo zake, siku hiyo iandike kwa wino wa rangi nyingine, kisha uniletee daftari lote.