Makaburi ya wazee wa Freretown: simiti au chokaa?

SWALI: Shikamoo, fundi. Familia yetu ina kiwanja kidogo cha makaburi huku Kisauni, cha wazee waliokuja na misheni enzi za Freretown, kijiji cha watumwa waliokombolewa hapa Mombasa. Makaburi mengi ni ya mawe ya matumbawe na plasta ya zamani, na moja lina jiwe la marumaru ambalo maandishi yake hayasomeki tena. Pembeni kuna vituta visivyo na jina. Tumechanga pesa, na fundi tuliyempata anataka kuyasugua kwa brashi ya waya na jiki, kisha apige plasta ya simiti na rangi nyeupe. Tumruhusu? Na vile vituta tutajuaje ni vya nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msimruhusu, angalau si kwa mpango huo.

Tumbawe ni jiwe lenye vitundu vingi. Hunywa maji ya mvua na unyevu wa ardhini, na huko pwani unyevu huo umejaa chumvi. Wazee waliojenga walitumia chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo, nayo pia ina vitundu, kwa hiyo maji yaliyoingia yalipata njia ya kutoka. Simiti huiziba njia hiyo. Maji hukwama nyuma ya plasta, chumvi hugeuka fuwele ndani ya vitundu, na fuwele zikikua hulimeng'enya jiwe. Mwanzoni kaburi hupendeza, na fundi husifiwa. Baadaye zinakuja nyufa, plasta inabanduka vipande vikubwa, na kila kipande kinaondoka na uso wa jiwe. Nimewahi kugonga makaburi ya namna hiyo nikakuta chini ya simiti pamebaki mchangamchanga tu. Rangi za plastiki zina kosa lilelile.

Jiki inaua ukungu, sikatai, lakini huacha chumvi ndani ya jiwe, yaani kitu kilekile tunachokikimbia. Siki, ndimu na asidi ya betri ni balaa zaidi: marumaru, tumbawe na chokaa vyote ni kaboneti ya kalsiamu, na asidi huila. Brashi ya waya huchuna uso na kuacha vyembe vya chuma vinavyoota kutu.

Tumieni maji safi yasiyo ya kisima cha chumvi, na brashi laini. Lowesheni jiwe kwanza, kisha sugueni taratibu kuanzia chini kwenda juu, ili maji machafu yasichore michirizi kwenye sehemu kavu. Ukungu mgumu ubanduliwe kwa kijiti cha mti. Jiwe linalopukutika mkono ukiligusa, liacheni kabisa. Na msitafute weupe wa jiwe jipya; weusi kidogo wa umri haudhuru.

Mahali pa simiti, pigeni plasta ya chokaa. Chokaa hiyo iwe imezimwa kwa maji na kulowekwa kwa wiki kadhaa, na mkipata ya miezi mitatu ni bora. Kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga ndicho cha kawaida. Mchanga wa ufuoni haufai mpaka uoshwe sana kwa maji yasiyo na chumvi, na mimi binafsi siutumii. Pigeni tabaka nyembamba, na kila moja ifunikwe gunia bichi kwa siku kadhaa, kwa sababu chokaa haigandi kwa kukauka: hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa ikiwa na unyevu. Ikipigwa jua la mchana inageuka unga. Waashi wa Lamu na wa Mji wa Kale wa Mombasa bado wanaijua kazi hii. Fundi wenu aende akajifunze kwao kabla ya kugusa mwiko.

Jiwe la marumaru msilichonge upya wala kulijaza rangi. Msipake unga wala chaki ili herufi zionekane. Nendeni jioni na tochi, mmulike kwa ubavu, mwanga ukilala juu ya jiwe, na mwingine apige picha toka pande zote. Herufi zilizofutika machoni mara nyingi hujitokeza kwa kivuli chake. Mkiona vitundu vidogo vilivyopangana, huenda herufi zilikuwa za risasi zilizopachikwa zikang'oka, na mpangilio wa vitundu hivyo unasomeka.

Sasa vituta. Watu hudhani mwelekeo wa kaburi utawaambia dini ya marehemu. Kwetu si rahisi hivyo. Kutoka Mombasa, Makka iko karibu kaskazini kabisa, hivyo kaburi la Mwislamu hulala mashariki-magharibi, kichwa kikiwa mashariki. La Mkristo wa desturi ya zamani nalo hulala mashariki-magharibi, ila kichwa kiko magharibi. Kwa juu yanafanana. Na ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe kabla misheni ya CMS (Church Missionary Society, ya Waanglikana wa Uingereza) haijaanzisha Freretown mwaka 1875, kwa hiyo msiseme haraka kwamba kila kituta ni babu yenu. Msichimbe. Ulizeni kwanza ofisi ya Makavazi ya Taifa pale Fort Jesus.

Majina tafuteni kwenye karatasi. Rejista za ubatizo na maziko, kama zipo, anzeni kanisani kwenu. Kumbukumbu za CMS zenyewe ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Angalizo: wengi wa wazee hao walikuwa Wayao, Wamakua na watu wa Nyasa waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, na wengine walilelewa India, huko Nasik, wakaanza kufika Rabai, misheni iliyo karibu na Mombasa, mwaka 1864. Ubatizo uliwapa majina ya Kizungu, basi mtu mmoja anaweza kuwa na jina moja rejistani na jingine midomoni mwa bibi zenu. Andikeni yote mawili.

Kabla ya kazi yoyote, choreni ramani ya kiwanja, kila kaburi na kituta kwa namba na vipimo, kisha mwiteni mpimaji akiingize kwenye ramani ya ardhi. Kisauni ya leo kila hatua ina mnunuzi, na kituta kisicho kwenye ramani hufukiwa na msingi wa nyumba ya mtu.