Uchumi unakua, ajira ziko wapi?

Barua nyingi safari hii zinahusu motisha za ajira, yaani nafuu ya kodi au ruzuku ya mshahara ambayo serikali humpa mwajiri ili aongeze watu. Nimezifupisha, wenyewe mtajitambua.

Kila mwaka tunatangaziwa kuwa pato la taifa limepanda. Mbona sisi wahitimu bado tunazunguka na bahasha?

Uliza kwanza ni kitu gani kilichokua. Mgodi mmoja au kisima cha gesi kinaweza kupandisha pato la nchi nzima huku kikiajiri watu wachache, kwa kuwa kazi kubwa inafanywa na mitambo. Viwanda vya nguo, ujenzi na hoteli huchukua watu wengi zaidi kwa mtaji uleule.

Halafu kuna kuchelewa. Oda zikirudi, mwenye kiwanda hakimbilii kutangaza nafasi. Anawapa saa za ziada wale alionao, kisha anaita vibarua, na akishaamini kwamba oda hazitakatika ndipo anatoa mkataba. Nchini Marekani mdororo uliisha Juni 2009, lakini ukosefu wa ajira ulifika kilele chake, asilimia 10, Oktoba mwaka huo. Mchumi Arthur Okun aliupima uhusiano huu wa pato na ajira mwaka 1962 kwa takwimu za nchi hiyo: ili ukosefu wa ajira upungue kwa pointi 1, pato lilihitaji kupanda kwa takriban asilimia 3 za ziada. Wachumi wanaiita kanuni ya Okun, ila ni wastani tu, na hubadilika kutoka nchi hadi nchi.

Nina karakana yenye mafundi kumi. Nikipewa nafuu kwa kila mtu mpya, niajiri?

Piga hesabu kabla hujafurahi. Tuseme mtu mpya anakugharimu 100 kwa mwezi na nafuu ni 20. Kama kazi yake inaingiza 60, bado unakula hasara ya 20, basi mwache. Kama inaingiza 130, ungemwajiri hata bila nafuu, na hiyo 20 ni bakshishi. Nafuu inageuza uamuzi wako pale tu kazi inapoingiza kati ya 80 na 100. Kinachoamua kama uko kwenye huo ukanda mwembamba ni wateja wako.

Ndiyo maana fedha za walipakodi huvuja kirahisi hapa: sehemu kubwa inaweza kuishia kwa waajiri ambao wangeajiri tu. Marekani ilijaribu kuziba tundu hilo mwaka 1977 kwa kutoa nafuu kwa ajira zilizozidi asilimia 102 ya zile za mwaka uliotangulia. Mwaka 2010 ikaja na masharti mepesi zaidi. Mwajiri alisamehewa mchango wake wa hifadhi ya jamii, asilimia 6.2 ya mshahara, akimchukua mtu aliyekaa bila kazi kwa angalau siku 60, na akimweka wiki 52 aliongezewa nafuu ya hadi dola 1,000. Hapakuwa na sharti la idadi ya wafanyakazi kuongezeka. Hata nafasi ya mtu aliyeacha kwa hiari ikijazwa, nafuu ilitoka. Mimi naipenda zaidi kanuni ya 1977, japo mhasibu wako ataichukia, na hata hiyo humtunuku mwenye kampuni iliyokuwa inakua bila msaada wa mtu.

Nina miaka 45. Hizi ruzuku za vijana si zitanitoa kazini?

Hofu yako ina msingi. Afrika Kusini ilipoanzisha nafuu kwa wanaoajiri vijana wa miaka 18 hadi 29, Januari 2014, sheria iliweka faini ya randi 30,000 kwa kila mfanyakazi atakayeondolewa ili kumpisha mwenye ruzuku. Lakini faini humkamata anayefukuza waziwazi. Mwajiri anayesubiri mzee astaafu, kisha akaziba nafasi na kijana wa bei nafuu, hajavunja chochote. Kwa hiyo wewe uliye ndani una kinga kiasi, na mwenzako wa rika lako anayetafuta kazi ndiye atakayeumia.

Nimepewa hati ya ruzuku, ile inayomhakikishia mwajiri nafuu akinichukua. Niioneshe kwenye usaili?

Ningekuwa wewe nisingeitanguliza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Dayton, Ohio, baadhi ya watafuta kazi waliopokea misaada ya serikali walipewa hati za aina hiyo, wengine hawakupewa. Waliozipata waliajiriwa kwa kiwango cha chini kuliko wasiozipata. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba waajiri walijiuliza: kama huyu ni mzuri, kwa nini serikali inanilipa nimchukue? Onesha kwanza kazi ya mikono yako. Hati itoke mkishaanza kuzungumza mshahara.

Yordani hali ilikuwa tofauti. Mwaka 2010 wasichana waliohitimu vyuo vya kati walipewa vocha za kumlipa mwajiri dinari 150 kwa mwezi kwa miezi sita, na ajira yao ikapanda sana. Vocha zilipokwisha, faida karibu yote ikayeyuka.

Si bora serikali iajiri yenyewe?

Pale panapokosekana walimu na wauguzi, ndiyo, kesho asubuhi. Kwa kupunguza orodha ya wasio na kazi tu, hapana. Huo mshahara utalipwa kwa miaka 30.

Basi motisha zina wakati wake?

Zina. Biashara ikiwa inaporomoka, hakuna anayeajiri hata kwa punguzo. Wakati huo ni bora kulinda ajira zilizopo, kama Ujerumani mwaka 2009: uchumi ulisinyaa kwa zaidi ya asilimia 5, viwanda vikapunguza saa badala ya watu, na mfuko wa umma ukafidia asilimia 60 ya kipato halisi kilichopotea, au 67 kwa wenye watoto. Ukosefu wa ajira ulipanda kidogo tu. Nafuu ya kuajiri ije oda zinapoanza kurudi, iwe na tarehe ya mwisho iliyo karibu, ili mwenye kiwanda aliyepanga kuongeza watu mwakani aone faida ya kuwachukua sasa.